Skrubu ya Tatu

Mwezi uliopita tulimzika Dokta Zebedayo kwao Vwawa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na udongo uling'ang'ania viatu vyetu hivi kwamba kila mtu alirudi kutoka makaburini akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokwenda. Tulipokaa chini ya turubai kula wali na maharage, madaktari vijana wawili waliofanya naye kazi miaka yake ya mwisho wakanisogelea. Walikuwa wamesikia kwamba mimi ndiye niliyekuwa muuguzi wake wa kwanza wa thieta, wakataka kujua alikuwa mtu wa namna gani ujanani. Nikawajibu kwamba alikuwa mtu wa kuning'iniza mapipa ya maji kwenye mifupa ya ng'ombe. Wakacheka kwa adabu, wakidhani mama huyu amechoshwa na msiba. Sikuwaeleza zaidi, kwa sababu msibani watu hutaka marehemu awe malaika, na mimi Dokta Zebedayo nilimpenda akiwa mtu. Sasa nipo nyumbani, viatu vimekauka, na nimeamua kuuandika mwaka ule mmoja. Nilikozaliwa na nani alinisomesha hayatamsaidia msomaji kitu, kwa hiyo nayaruka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Hospitali yetu ilikuwa ya kanisa, nje kidogo ya Tunduma ukitokea Chapwa, enzi ambazo Songwe haijawa mkoa na sote tulihesabiwa watu wa Mbeya. Thieta ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe hadi nusu, ili mwanga uingie na macho ya watu yasiingie. Kulikuwa na taa kubwa moja, meza ya upasuaji ambayo mguu wake mmoja tuliukazia kwa kabari ya mti, na kabati la vioo ambalo funguo zake alikaa nazo Sista Ombeni, mkuu wetu, kiunoni, hata alipokwenda kanisani. Siku nzima tulisikia malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, yakiunguruma na kuzimwa, yakiunguruma na kuzimwa. Pembeni ya thieta kulikuwa na chumba cha chai, na kama nilisoma chuo cha pili maishani, nilisomea humo. Sista Ombeni alichemsha chai ya maziwa na viazi vitamu kila saa nne asubuhi, mgonjwa awepo asiwepo, na mambo yote ya hospitali yalipitia pale kabla hayajafika ofisini. Alikuwa Mnyiha wa makamo, mnene, mwepesi wa mikono na mzito wa kusamehe, na aliamini kwamba daktari yeyote aliye chini ya miaka hamsini ni mwanafunzi.

Dokta Zebedayo alikuwa na thelathini na sita. Alikuwa ametoka kusomea mifupa, na alikuja na wasiwasi mmoja ambao aliuweka mezani kila siku pamoja na viazi. Wazee, alisema, wanavunjika vikombe vya nyonga, na sisi tunawarudisha nyumbani walale mpaka wafe. Alitueleza jambo lenyewe kwa kitumbua alichonunua getini. Nyonga ina kikombe, na kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe hicho na kuzunguka humo maisha yote ya mtu. Kikombe kikipasuka, mtu hatembei, hakai, wala hageuki kitandani bila kulia. Kwa kijana unaviunga vipande kwa skrubu na mfupa unaishika skrubu barabara. Kwa mzee, na hasa mama aliyezaa watoto wengi, mfupa umepungua ndani. Hapo akakikata kitumbua katikati akatuonyesha matundu yake, kisha akakila, na Sista Ombeni akasema sasa mfano wetu umeliwa.

Skrubu tulizokuwa nazo zilikuja kwenye sanduku la msaada, na zilikuwa za aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa na meno nchani tu, shingo yake ndefu ikiwa laini. Hiyo ukiikaza huvuta kipande cha mbali kikaja kubanana na cha karibu, na kwa mfupa mzima hakuna nzuri kama hiyo. Aina ya pili ilikuwa na meno mwili mzima. Haivuti, kwa hiyo lazima vipande uvibane kwanza kwa koleo, lakini ikishaingia inashika kila mahali inapopita. Vichwa vya skrubu hizo vilifanana kabisa, na bisibisi yake ilikuwa moja. Swali la Dokta lilikuwa ipi kati ya hizo mbili itakaa kwenye mfupa wa kitumbua. Vitabu vyake havikukubaliana, na yeye hakuwa mtu wa kusubiri vitabu vipatane.

Ndipo yakaanza mambo ya mifupa. Aliagiza kwa wachinjaji wa mjini nyonga za ng'ombe wazee, akataka wazee kweli, wale waliochakaa kwa kulima. Nusu ya mifupa tuliiloweka kwenye ndoo za siki wiki tatu ili ilainike, na nusu tukaiacha ilivyo. Siki ile na mifupa ile, katika joto la mwezi wa tisa, vilitoa harufu kali hata wagonjwa wa wodi ya mbali walituma watu kuuliza kuna nini. Jumamosi mchana, baada ya kazi, mfupa mmoja ulifungwa kwa mnyororo kwenye chuma cha mnara wa tenki la maji, skrubu ikakazwa kwa chini, na kwenye skrubu tukaning'iniza pipa. Chini tuliweka matairi mabovu ya malori ili pipa likianguka lisipasuke. Halafu tukamimina maji ndoo kwa ndoo, mimi nikiandika kwenye daftari, mpaka skrubu ichomoke. Ilipochomoka ilitoa mlio mdogo tu, kisha pipa likafanya kelele zote zilizobaki. Sista Ombeni alitazama kutoka mlangoni mikono ikiwa kifuani, akasema serikali ilimsomesha mtu miaka yote ile aje ashindane na mfupa. Lakini Jumamosi ya tatu nilimwona naye amebeba ndoo.

Tulifanya hivyo miezi miwili, na kwa miezi miwili hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kula supu. Kwenye mifupa mizima aina zote mbili zilishika vizuri, leo moja ikizidi, kesho nyingine. Kwenye mifupa ya siki, yenye meno nchani ilitangulia kuchomoka mara nyingi, ingawa si kila mara. Dokta hakushangilia. Alisema mfupa wa ng'ombe hausemi uongo, lakini pia haujui binadamu anaishije juu ya nyonga yake. Akaamua hata hivyo kwamba mgonjwa wetu wa kwanza mzee atapata meno mwili mzima, na akaniambia nizitenge aina hizo mbili katika trei mbili, zisikutane tena.

Mgonjwa huyo alifika kabla ya mvua kuanza. Aliletwa kutoka Kamsamba, bondeni kule kwenye joto na mpunga, amelazwa juu ya magunia kwenye lori la mchele, mwanawe wa kiume amemshikilia njia nzima. Bi Nkwimba alikuwa Msukuma. Familia yao ilihamia bonde hilo la Momba na ng'ombe wao zamani, na ni ng'ombe mmoja wa hao aliyemsukuma kwenye birika la kunyweshea akaangukia ubavu. Alikuwa mwembamba, ana bangili za waya mkono wa kushoto, na umri wake aliujua kwa njaa na mafuriko, si kwa miaka. Jambo la kwanza alilofanya kwenye machela, na maumivu yale, lilikuwa kutusalimia mmoja mmoja, na kutuomba radhi kwamba anasalimia akiwa amelala. Mwanawe, Masanja, mtu mrefu mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata wodini, alimkataza asijichoshe. Akamjibu kwamba kuumwa si ruhusa ya kukosa adabu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Trei mbili nilizitenga kama nilivyoagizwa. Lakini asubuhi ya upasuaji, vyombo vilipotoka kwenye mashine ya kuchemshia, nilivipanga upya mezani, na mkono wangu ukapanga kama ulivyozoea: kwa urefu, fupi kushoto, ndefu kulia, kama zinavyopangwa kwenye kila duka la vifaa pale Tunduma. Dokta huita urefu. Akisema tisini, unampa ya milimita tisini. Nilijiona hodari, aina zote mbili katika safu moja iliyonyooka vizuri. Skrubu ya kwanza aliitazama kwenye mwanga, akaikaza. Ya pili vilevile. Ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, ile ya kupita kwenye nguzo ya nyuma ya kikombe, na wakati huo mtu wa dawa ya usingizi alikuwa ameshasema mara mbili kwamba presha ya mama inashuka. Dokta akaita urefu, nikaweka skrubu kwenye bisibisi, akaipokea bila kuitazama. Tulifunga haraka, na presha ikapanda, na katika chumba cha chai Sista Ombeni alimkatia Dokta kiazi kikubwa kuliko vyote.

Kesho yake picha ya eksirei ilikuja ikiwa bado na unyevu. Dokta aliiinua dirishani, mimi nikiwa nyuma yake na faili. Skrubu mbili zilikuwa na meno mwili mzima. Ya tatu ilikuwa na shingo laini, ndefu, inang'aa katikati ya mfupa. Niliiona wakati uleule alipoiona yeye, na alijua kwamba nimeiona. Aliishusha picha, akasema taratibu, "Fainesi, hii itashika. Asikanyagie miezi mitatu, asichuchumae, asipige magoti. Itashika." Nikajibu ndiyo, Dokta. Kumfungua tena mwanamke wa umri ule, aliyemwaga damu ile, kungeweza kumuua, na hilo lilikuwa kweli tupu. Lakini hakuna kilichotuzuia kumwambia. Tungeweza kumwambia siku ileile kwamba kimoja cha vyuma vyake si kile tulichokikusudia, ndiyo maana masharti yake ni makali kuliko ya mwenzake wa kitanda cha pili, aliyeungwa mfupa pia. Hatukusema. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, na bado kunyamaza kule ndiko ninakokujutia kuliko skrubu yenyewe.

Wiki nne alikaa vizuri. Alizoea uji wetu, akafundisha wodi nzima kusalimiana kwa Kisukuma, *mwadila*, kila mchana, akanipangia mchumba kati ya wajukuu zake ambaye, alisema, ana ng'ombe wengi na maneno machache. Wiki ya tano alitembelewa na shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu mumewe, mzee sana, aliyesafiri siku nzima kutoka Kamsamba. Kwa Wasukuma mwanamke hamsalimii mtu kama huyo akiwa amekaa juu ya kitu. Kwetu pia ilikuwa hivyo, mimi mwenyewe nimepiga magoti mbele ya wajomba zangu mpaka suruali zilipoingia. Nilikuwa mwisho wa wodi na beseni mkononi. Nilimwona Bi Nkwimba anatupa shuka pembeni, anashuka kitandani kwa kujivuta, anashika ukingo wa kitanda, na kupiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Akatoa salamu yake yote mpaka mwisho. Mzee yule aliipokea yote mpaka mwisho. Kisha tukamwinua Bi Nkwimba, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Picha mpya ilionyesha skrubu ya tatu imerudi nyuma na kikombe kimefunguka tena. Dokta akaenda kitandani, Masanja akiwepo, na pale, mbele ya wodi nzima, akasema, "Mama, nilikukataza kupiga magoti." Hakusema lingine. Yalikuwa maneno ya kweli, na bado sijasikia uongo mkubwa kuliko huo. Nilimtazama, hakunitazama. Kuanzia siku hiyo kila mtu alikuwa na sauti juu ya magoti ya Bi Nkwimba. Wanawake wa vitanda vya jirani walisema Wasukuma wana heshima kupita akili. Mfagiaji alisema. Mke wa mchungaji, aliyekuja kuombea wagonjwa, aliingiza na utii kwenye sala. Masanja ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote, kwa sababu alimpenda mama yake na aliogopa. Alimwambia kila siku, asubuhi na jioni, kwamba watu wamehangaika, daktari amefanya kazi yake vizuri, na yeye ameiharibu kwa salamu.

Bi Nkwimba akaacha kusalimia. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilipita asubuhi nikamwamkia, akageukia ukutani. Alikula vijiko viwili, vitatu. Dokta alimweleza kwamba inawezekana kumpasua mara ya pili, na kwamba asipopasuliwa sasa hatainuka tena kitandani maisha yake yote. Akakataa. Alisema, kwa sauti ambayo ilibidi tuiinamie, kwamba mtu akishavunja chungu cha watu hapewi kingine. Masanja akapandwa na hasira zaidi. Siku zikaanza kwenda, na mfupa hausubiri. Baada ya wiki mbili hivi usingeungika kwa namna yoyote.

Nilimpelekea Sista Ombeni jambo langu kwenye chumba cha chai, nikalia hadi chai ikapoa. Hakushangaa. Kumbe alishaihesabu trei siku ileile ya upasuaji, akaona moja yenye meno mwili mzima imebaki na moja ya aina nyingine haipo. Akaniambia ninyamaze. Alisema kwamba mimi nina cheti kipya, na kwamba mwanamke yule alipiga magoti kweli, si mimi niliyemshusha kitandani. Alinipenda, ndiyo maana alisema vile. Kisha akaosha vikombe, na alipomaliza akasema bila kugeuka kwamba wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema anayeuonyesha hupata nini. Nikaenda kwa Dokta. Alikuwa amekaa na daftari letu la mapipa mbele yake, kurasa zimekunjamana kwa maji. Nilimwambia nakwenda kumwambia Bi Nkwimba. Nilitegemea anikataze, na nadhani nilitaka anikataze. Alifunga daftari.

"Ukimwambia," alisema, "usiliache jina langu nje."

Niseme hapa kwamba upasuaji wa pili ulishika. Nilimkabidhi kila skrubu nikiitaja kwa sauti urefu na meno yake, naye akairudia kwa sauti kabla ya kuipokea, na thieta zote nilizofanya kazi baadaye nilifundisha hivyo mpaka wanafunzi wakanichoka. Bi Nkwimba aliondoka kwetu kwa magongo, na mwaka uliofuata Masanja alileta habari kwamba anatembea kwa fimbo moja, anachechemea, na anawagombeza ng'ombe kama kawaida. Hayo yalikuja baadaye, na watu wa vitabu wangeyaweka mwisho. Mimi mwisho wangu ni asubuhi ile ya Jumatano, saa ya kubadilisha mashuka, nilipovuta kigoda karibu na ukuta aliougeukia.

Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kuhusu aina mbili, na trei, na jinsi nilivyopanga. Nilimwambia kwamba picha ya kwanza kabisa ilituonyesha, Dokta na mimi, na tukanyamaza. Aligeuka taratibu sana, kwa mikono, mpaka akanitazama. Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza swali moja, swali ambalo nilikuwa nimejiuliza kila siku.

"Ile nyingine ingekuwemo, ningepiga magoti, isingechomoka?"

Nilifikiria mapipa yote yale. Kulikuwa na mifupa ambayo hata yenye meno mwili mzima ilichomoka mapema, na hatukujua kwa nini. Nilitamani kumpa jibu lililo rahisi, ndiyo au hapana.

"Sijui, bibi," nikasema. "Hata Dokta hajui."

Alilala akitazama dari. Mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa ameacha kutafuna.

"Ninyi hamjui," alisema, "na mimi sijui. Mbona aibu mlinipa mimi peke yangu?"

Aliniambia nikamwite Masanja, nikamwite na daktari, na nisiyaseme yale mambo nje kwenye korido bali palepale, watu wakisikia, kwa kuwa lawama nazo zilisemwa palepale. Nikawaita. Nilirudia yote nikiwa nimesimama. Masanja alisikiliza, akawa ananitazama mimi, kisha Dokta, kisha mimi. Nilikuwa na hofu naye, mtu mkubwa vile. Akavua kofia, mara ya kwanza tangu aje, akakaa chini sakafuni kando ya kitanda na kuinamisha kichwa, na mama yake akaweka mkono juu ya kichwa hicho bila kumtazama. Dokta Zebedayo alisogea mbele. Alisema alijua tangu picha ya kwanza, na alimwachia mama lawama kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwamba anaomba msamaha. Hakuongeza habari ya presha wala ya damu. Namkumbuka kwa hilo kuliko kwa mapipa.

Bi Nkwimba alimwacha asimame kwa muda. Hata wale waliokuwa na neno juu ya magoti yake siku zote zile hawakuwa nalo tena. Kisha akavuta shuka, akajifunika vizuri kifuani kama mtu anayepokea wageni, na akamsalimia daktari, akamsalimia mwanawe, akanisalimia mimi, kila mtu kwa zamu yake, akasubiri kila mtu aitikie.

"Haya," akasema. "Sasa tumegawana. Nipasueni."